Tupeane uzoefu: "I'm afraid" ilikuchanganya lini?

Wanajamvi, naomba tupeane uzoefu kuhusu kirai kimoja cha Kiingereza ambacho shuleni tulifundishwa kuwa ni cha hofu, kisha ukubwani tukakikuta kikifanya kazi nyingine kabisa: "I'm afraid". Naanza mimi.

Nilimsindikiza mgeni kutoka Uingereza hadi Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya miambani ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tulipokuwa katikati ya mlima, mzee yule alisimama, akafuta jasho, akasema, "I'm afraid I can't go any further." Nikamshika mkono, nikamhakikishia kwamba chui hawapo, kwamba nyoka hawapendi jua la saa saba, na kwamba mimi mwenyewe nimepita njia ile mara nyingi bila kudhurika. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, ndipo akanieleza kuwa haogopi kitu chochote. Ni magoti yaliyogoma. Alikuwa ameniomba radhi, nami nikasikia woga.

Mchangiaji, Dodoma mjini: Yangu ilikuwa barua ya majibu ya maombi ya kazi, kutoka ofisi ambayo sitaitaja. Iliandikwa, "I am afraid we cannot offer you the position." Nikajiuliza meneja ananiogopea nini, nikahitimisha kwamba, ikiwa anasita kuninyima kazi, basi nikijitokeza mwenyewe huenda akabadili mawazo. Nilivaa shati la mikono mirefu, nikapanda daladala. Dada wa mapokezi aliisoma ile barua mara moja tu, akanirudishia taratibu: "Kaka, hapa umeshakataliwa."

Mwalimu, Bahi: Wanafunzi wangu hutafsiri "ninaogopa basi limeondoka" bila kushtuka. Nawaambia watazame kinachofuata. Kikifuata "of", kama katika "afraid of snakes", hiyo ni hofu halisi. Ikifuata sentensi nzima yenye habari mbaya, mara nyingi msemaji analainisha tu. Kwa majibu mafupi, "I'm afraid so" ni ndiyo ya masikitiko, na "I'm afraid not" ni hapana ya namna hiyohiyo.

Mzee, Mpwapwa: Mbona Kiswahili tunacho "kuchelea"? Huku kwetu mkulima husema, "Nachelea mvua za mwaka huu hazitatosha," wala hakuna anayedhani kwamba anatetemeka. Wahenga nao walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Vijana mmeliacha neno zuri likiota vumbi.

Mwanzisha mada: Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe nusu. Anayechelea bado hajajua, kwa sababu mvua huenda zikatosha. Yule mgeni wa Kolo alikwisha kuyajua magoti yake. Katika jambo lililokwisha kutokea, mkata tiketi wa stendi atasema "samahani, basi limeshaondoka" au "bahati mbaya, umechelewa", wala hachelei lolote. Naona kwamba kirai kimoja cha Waingereza kinabeba mizigo ambayo sisi tumeigawa kwa maneno matatu au manne.

Mchangiaji, Dodoma mjini: Basi wangeniandikia "tunasikitika kukujulisha" kama ofisi nyingine zinavyoandika, nami ningebaki na nauli yangu.