Benchi inashuka nikipunguza kitambi: ni misuli inayoondoka?

Mnyanyuaji_Tudor
Salaam aleikum ndugu zangu. Nina kilo 98, urefu sentimita 175, na nataka kushuka hadi 88. Tangu nianze kupunguza chakula, benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali) imetoka kilo 110 hadi 102 kwa rudio moja, skwoti (kuchutama na chuma mabegani) kutoka 150 hadi 145, lakini dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) iko pale pale 180. Mbona benchi ndiyo inayoumia zaidi? Ni misuli inayoondoka? Na nipige vyuma vipi kipindi hiki?

Chuma_Kisauni
Waaleikum salaam. Namba zako zenyewe zimeshatoa nusu ya jibu. Ingekuwa misuli inaondoka kwa wingi, dedilifti isingesalimika, maana mgongo na mapaja ndiyo yanayoibeba.

Kilichobadilika kwenye benchi ni umbo lako. Kifua na mgongo vikipungua mafuta, chuma kinashuka sentimita mbili tatu zaidi kabla hakijagusa kifua, na pale chini ndipo wengi wetu tulipo dhaifu. Kwenye skwoti, tumbo lilikuwa likibanana na mapaja ukichutama, likikusaidia kuinuka, tena likiushindilia mkanda wa kunyanyulia. Sasa mkanda umelegea, kwa hivyo ukaze tundu moja zaidi. Dedilifti ni kinyume: kitambi kikipungua unakifikia chuma vizuri na mgongo unabaki umenyooka.

Jambo la pili ni glaikojeni, yaani wanga uliowekwa ndani ya misuli. Kila gramu yake hushika takriban gramu tatu za maji. Ukikata wali na ugali, wiki ya kwanza mzani unaweza kushuka hata kilo mbili, na sehemu kubwa ni maji. Seti (mfululizo wa marudio kabla ya kupumzika) ya nne na ya tano zinakufa mapema, lakini ukila wanga wa kutosha siku moja au mbili, nguvu hizo zinarudi.

Kipimo kizuri ni kujivuta juu kwenye bomba. Mafuta yakiondoka, marudio huongezeka kwa sababu mzigo umepungua. Mzani ukishuka nayo marudio yakapungua, hapo ndipo uwe na wasiwasi na misuli.

Tafadhali usifuate ule ushauri wa vyuma vyepesi na marudio mengi “ili kuchoma mafuta”. Misuli hubaki pale inapolazimishwa kubeba kizito. Punguza seti, uzito uache kama ulivyo. Kama kwenye benchi ulikuwa ukipiga seti 5 za marudio 5, sasa piga seti 3 kwa kilo 85, na kila seti ubakize rudio moja au mawili. Siku nyingine ya benchi weka kilo 75, chuma kitulie kifuani sekunde 2 kila rudio, seti 3 za marudio 4. Hivyo unaimarisha hasa ile sehemu ya chini iliyorefuka.

Jiko_la_Likoni
Kaka, hukusema umepunguza chakula kiasi gani, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kupunguza kalori 500 hadi 800 kwa siku kwatosha. Kwa uzito wako, shuka nusu kilo hadi kilo 0.9 kwa wiki, si zaidi. Kilo 10 ni kazi ya miezi mitatu hadi mitano.

Protini isipungue gramu 160 kwa siku. Mayai manne ni kama gramu 24, jodari wa kuchoma gramu 200 ni zaidi ya 50, kidari cha kuku kilichopikwa uzito huo huo ni kama 60, kikombe cha maharagwe 15, nusu lita ya maziwa 16. Hapo umeshafika.

Cha kukata kwanza ni tui zito na mahamri. Kikombe kimoja cha tui zito kinapita kalori 400, karibu zote mafuta, na kwetu mtu anaweza kula mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi mchana na samaki wa kupaka usiku. Bakiza kimoja kwa siku. Wanga usiufute: kula viazi vitamu, muhogo wa kuchemsha au wali saa mbili kabla ya jimu.

Mnyanyuaji_Tudor
Shukran sana nyote. Na Ramadhani je?

Pwani_Imara
Mwezi huo lenga kushikilia nguvu, usilazimishe kupungua. Futuru kwa tende, maji na uji, piga vyuma baada ya tarawehe, kisha ule chakula kizito. Daku iwe na mayai, maziwa na maharagwe.

Joto letu pia lisikupite. Jipime kabla na baada ya zoezi: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Kwa kila kilo hiyo rudisha lita moja na nusu kidogo kidogo, na chakula kiwe na chumvi. Ukipoteza kilo mbili za maji, marudio yatapungua hata kama misuli ni mizima.

Kreatini, kirutubisho cha unga cha wanyanyuaji, gramu 3 hadi 5 kila siku inasaidia. Mzani unaweza kupanda kama kilo moja. Ni maji ndani ya misuli, usishtuke. Mwenye tatizo la figo amuone daktari kwanza.

Chuma_Kisauni
Naongeza moja. Dedilifti ikishuka chini ya 170 wiki mbili mfululizo nawe unalala kwa muda wa saa saba au zaidi, ongeza kalori 200 za wanga kabla hujagusa ratiba ya mazoezi.