Naomba ushauri: udongo wa mfinyanzi uliotokana na mwamba wa tope, kaskazini mwa Montana. Niulime au niuache uwe malisho?

Mlinzi wa Malisho (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nafanya kazi katika ranchi ya ng'ombe kaskazini mwa Montana, nchini Marekani, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Mwenye mali amenikabidhi kipande cha ekari 60 nikisimamie, naye anapendekeza kilimwe shayiri, kwa kuwa nyasi zake ni haba na kila akikitazama anaona ardhi inayokaa bure. Nimemwomba anipe muda hadi theluji ya kwanza ianguke, kwa sababu udongo wa pale unanitia mashaka, nami sitaki kuvunja ardhi ambayo sitaweza kuirudisha ilivyokuwa.

Ni mfinyanzi wa kijivu unaoelekea rangi ya zeituni, ambao wenyeji huuita gumbo. Ikinyesha kidogo tu, unanasa kwenye viatu hadi mguu unakuwa mzito kama umefungwa jiwe, na gari halipiti. Ukikauka unapasuka, na mwezi Agosti nilitumbukiza mkono kwenye ufa hadi kiwiko bila kugusa mwisho. Juu kabisa, hata hivyo, kuna kitu ambacho sikukitarajia: tabaka jembamba la vidonge vilivyolegea, mfano wa chenga za mtama, ambalo katika majira ya kuchipua huwa laini kiasi kwamba ukikanyaga unadidimia kidogo. Mvua na theluji kwa pamoja ni takriban milimita 300 kwa mwaka, na kipindi kisicho na jalidi ni kama siku 110.

Nimekulia kwenye udongo mweusi wa mbuga, nikadhani naufahamu udongo wa mfinyanzi unaopasuka. Je, huu ni uleule? Je, unafaa kulimwa? Na kwa kuwa maji husimama juu yake kwa siku kadhaa, je, nichimbe lambo hapohapo?

Mpima Udongo

Ndugu Mlinzi, udongo huo na ule wa mbuga ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Baba yao ni madini ya smektaiti, yaliyopangwa kama kurasa nyembamba mno ambazo maji huingia katikati yake na kuzitanua, yakitoka zikajikunja tena. Gramu moja ya madini hayo inaweza kuwa na nyuso zenye jumla ya hadi mita za mraba 800, ndiyo maana yanashika maji kwa nguvu kubwa namna hiyo na kuvimba kama unavyoona.

Asili ndiyo inayowatenganisha. Miaka takriban milioni 75 iliyopita, bahari ya kina kifupi ilifunika katikati ya Amerika Kaskazini, kutoka Aktiki hadi Ghuba ya Meksiko. Tope lilitua chini yake pamoja na majivu ya volkeno yaliyogeuka kuwa bentonaiti (mfinyanzi unaovimba sana), likagandamana na kuwa mwamba unaochambuka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Upande wenu mwamba huo huitwa Bearpaw, na huko South Dakota ndugu yake huitwa Pierre, jina walilolitoa wanajiolojia Meek na Hayden mwaka 1862. Kwa hiyo udongo wako umezaliwa na sakafu ya bahari, nao umerithi chumvi, jasi na salfeti ambazo mvua ya milimita 300 haina uwezo wa kuzisafisha zikapotea.

Vile vidonge vya juu ni kazi ya baridi. Maji yaliyomo ndani ya mfinyanzi yakiganda na kuyeyuka mara nyingi kati ya vuli na majira ya kuchipua, bonge lililokuwa gumu kama tofali huvunjika lenyewe likawa chenga. Nakusihi uithamini ngozi hiyo. Ndiyo inayopokea mbegu na maji ya theluji; ukiigeuza kwa plau, unaleta juu mfinyanzi ambao bado haujaguswa na jalidi, na mvua ya kwanza ya kiangazi itaupiga ukafunga.

Kuhusu maji, usidanganywe na dimbwi. Nyufa zikiwa wazi, maji huteremka kwa kasi. Zikishafunga kwa kuvimba, udongo wa namna hii huweza kupitisha chini ya milimita 1.5 kwa saa. Na hata yaliyoingia si yote ya mmea, kwani mfinyanzi mzito unaweza kuwa na maji ya robo nzima ya ujazo wake huku nyasi zinanyauka, kwa sababu mizizi haina nguvu ya kuyang'oa. Katika nchi kame, udongo wa kichanga mara nyingi huinywesha nyasi vizuri zaidi kuliko wako, maana mvua huzama mbali na jua.

Kabla sijasema lolote juu ya shayiri, chimba shimo la mita moja, uandike unachokiona katika kila kina.

Mtaalamu wa Jasi

Hakuna haja ya shimo. Mwaga jasi, tani mbili kwa ekari, udongo utalegea na nyufa zitakwisha. Nimeshuhudia ikifanya kazi.

Mlinzi wa Malisho

Nimechimba leo, kwa sululu na koleo, kuanzia asubuhi hadi baada ya saa nane. Sentimita 8 za kwanza ni vidonge. Chini yake, hadi sentimita 45, ni mabonge makubwa yenye umbo la kabari, na nilipoyatenganisha nilikuta nyuso zilizolala mshazari zinazong'aa kama ngozi iliyosuguliwa kwa nta, zikiwa na michirizi sambamba. Juu ya nyuso hizo mizizi imebanwa ikawa bapa, kama majani yaliyohifadhiwa kati ya kurasa. Nilidondosha siki, ikatoa povu tangu sentimita 5.

Kuanzia sentimita 45 kuna fuwele zinazometameta kama vioo vilivyovunjika, ambazo nazikwaruza kwa ukucha. Kwenye sentimita 65 nimefika kwenye mwamba wenyewe, laini, unaochambuka kwa vidole. Mizizi michache iliyofika pale imegeuka ikalala juu yake. Sikuona hata mmoja uliopenya.

Mpima Udongo

Umefanya kazi ya kupigiwa mfano. Zile nyuso zinazong'aa ni alama ya udongo unaosukumana wenyewe kwa wenyewe: sehemu moja ikivimba hukosa nafasi, ikateleza juu ya jirani yake. Povu la siki ni chokaa. Zile fuwele ni jasi, na hapo namjibu ndugu yetu Mtaalamu wa Jasi kwa heshima. Jasi husaidia pale ambapo sodiamu imezidi na kuutawanya mfinyanzi, kwa kuwa kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu. Haiondoi smektaiti, kwa hiyo haiwezi kuondoa nyufa. Tena huyu mwenzetu anayo jasi tayari, ila iko chini. Apime kwanza tabaka la juu. Uwiano wa sodiamu (kipimo cha maabara kinacholinganisha sodiamu na kalsiamu na magnesiamu) ukifika 13 au kupita, tutazungumza upya. Mlinzi, ukiona mahali penye kichaka cha miiba kiitwacho Sarcobatus vermiculatus, anzia kupima hapo, kwa maana hupenda ardhi ya chumvi na sodiamu.

Jambo zito kwangu ni zile sentimita 65. Ramani ya udongo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huenda imekipa kipande hicho majina ya aina mbili za udongo: Bascovy kwenye miteremko ya wastani, na Neldore kwenye migongo ambako mwamba unafikiwa kabla ya kina cha sentimita 50. Ghala la maji ni dogo, mlango wake ni mwembamba, na msimu ni mfupi. Mimi nisingelima.

Mtaalamu wa Jasi

Nimekubali. Shamba nililolishuhudia lilikuwa la umwagiliaji, na sodiamu yake ilikuwa imepimwa.

Mkulima wa Ngano

Nami naunga mkono kutolima, kwa kuwa nimelipia kosa hilo. Nililima ngano mwaka mmoja na kupumzisha ardhi mwaka unaofuata, juu ya mwamba huohuo. Katika mwaka wa mapumziko hapakuwa na mizizi ya kunywa maji, yakateremka hadi kwenye mwamba, yakashindwa kupita, yakatambaa juu yake hadi chini ya mteremko na kutokeza pale yakiwa yamebeba chumvi yote ya njiani. Leo nina eneo jeupe ambalo halioti kitu. Jirani zangu wa bondeni huiona kuwa ni chumvi ya kwao. Chanzo chake kilikuwa juu, kwangu.

Daktari wa Mifugo

Mdogo wangu Mlinzi, kabla ya lambo naomba unisikilize. Mfinyanzi huo hushika maji vizuri mno, hilo halina ubishi, lakini maji yanayokaa juu ya mwamba wa bahari hukusanya salfeti, na kila yanapopungua kwa jua ndivyo yanavyokolea. Yakipita miligramu 3,000 kwa lita, ng'ombe wanaweza kuharibika ubongo, wakapofuka na kuanguka. Pima mwishoni mwa kiangazi, wakati lambo liko chini kabisa.

La pili ni seleniamu, madini ambayo yakizidi huwa sumu kwa mifugo. Mwaka 1856 daktari wa jeshi katika ngome ya Fort Randall, nchi ya mwamba wa Pierre, alieleza farasi waliopukutika manyoya ya shingo na mkia na kwato zao kuachia. Ilikuwa ni katika miaka ya 1930 ndipo seleniamu ilipotambuliwa kuwa chanzo. Upande wenu tafuta mmea uitwao Astragalus bisulcatus, wenye maua ya zambarau na harufu kali kama ya kitunguu saumu. Ukiwapo kwa wingi, peleka majani makavu ya malisho maabara. Kiwango cha seleniamu kikipita miligramu 5 kwa kilo, usiwaache ng'ombe hapo kwa muda mrefu.

Mlinzi wa Malisho

Nawashukuru nyote. Ule mmea nimeukuta mahali pawili, na sampuli za majani zimekwenda maabara pamoja na udongo wa juu. Maji ya lambo la jirani nitayapima mwezi huu huu kabla sijachimba langu.

Nimekwenda pia kuzitazama nyasi upya. Iliyotawala ni Pascopyrum smithii, ambayo hutambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, na sasa naelewa kwa nini imedumu: udongo ukisukumana na kuukata mzizi mmoja, shina lile huchipua kwingine. Kati yake kuna Nassella viridula, michache na iliyotafunwa hadi chini. Nitapendekeza ng'ombe wasiingie pale wakati udongo umelowa, wala kabla Nassella haijatoa mbegu, kwa misimu miwili.

Shimo nimeliacha wazi, nimelizungushia uzio. Mwenye mali atakuja Jumamosi, nami nitamwomba ashuke mwenyewe hadi kwenye ule mwamba, aipitishe mikono juu ya mizizi iliyolala, kisha ndipo tuzungumze habari za shayiri.