Wakuu, kampuni huchagua vipi asasi ya kufadhili? Maandiko yetu hayajibiwi

Kisima:
Salaam wakuu. Asasi yetu inafundisha watoto kusoma na kuandika, na ina miaka mitatu tangu isajiliwe. Mwaka huu tumetuma maandiko 14 ya kuomba ufadhili kwa makampuni, na mawili tu yamejibiwa, tena kwa "tumepokea, asante". Naomba wanaojua upande wa pili wanieleze: nani anasoma, anaangalia nini kwanza, na andiko linawekwa kando kwa sababu gani?

Nanga:
Mkuu, mchujo wa kwanza haugusi ubora wa kazi yenu. Afisa wa misaada ana rundo la maandiko na muda mchache, kwa hiyo anaanza kwa kupunguza. Jambo hili limo katika maeneo ambayo kampuni imejiwekea? Linafanyika mahali ambapo kampuni ina wafanyakazi au wateja? Kiasi kinachoombwa kinalingana na kile inachotoa kwa kawaida? Likikosa moja kati ya hayo, mtu wa pili halioni. Na andiko lililobadilishwa jina la kampuni tu juu ya barua hujulikana kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

Halafu kuna kalenda. Fungu la misaada hupangwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Ukiomba katikati ya mwaka, unagombea masalia. Chukua ripoti ya mwaka ya kampuni, angalia mwaka wao wa fedha unaishia mwezi gani, kisha rudi nyuma miezi minne hadi sita. Hapo ndipo pa kubisha hodi. Katika ripoti hiyo hiyo kuna sura ya jamii au uendelevu: soma wamefadhili nani, na wamechagua yapi kati ya yale malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo endelevu. Kama wamejifunga kwenye maji na nishati, usiwaandikie kuhusu kusoma. Andiko moja lililolenga linashinda 14 ya kurusha hewani.

Msomahesabu:
Naongezea kwenye nyaraka, maana hapa ndipo asasi nyingi zenye kazi nzuri zinapoangukia.

Mkivuka mchujo huo, jalada linakwenda kwa wanasheria na watu wa fedha. Wanataka cheti cha usajili ambacho hakijaisha muda, katiba, orodha ya bodi, hesabu zilizokaguliwa (miaka miwili au mitatu), uthibitisho wa hali yenu ya kodi, barua ya benki, na sera: ya fedha, ya mgongano wa maslahi, na kwenu mnaofundisha watoto, sera ya ulinzi wa mtoto. Hiyo ya mwisho isipokuwepo, hakuna mazungumzo.

Zipangeni nyaraka zote mezani msome jina la asasi herufi kwa herufi. Cheti kinasema "Mfuko wa Elimu", akaunti ya benki inasema "Taasisi ya Elimu". Nyinyi mnajua ni kitu kimoja. Mtu wa malipo anaona wawili, na hawezi kuwaingiza kwenye mfumo. Jalada linakaa, wala hakuna anayewapigia simu.

Bodi nayo. Mwenyekiti na mkurugenzi wakiwa mke na mume, na hao hao ndio watia saini wa benki, msitarajie jibu. Tafuteni angalau mtia saini mmoja asiye wa familia. Kila mjumbe pia hupitishwa kwenye orodha za vikwazo, yaani za watu waliozuiwa kupokea fedha, kama ile ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na ile ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Ukiandika jina moja na herufi moja, mfumo unaleta watu kibao wanaofanana naye. Andikeni majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, ili anayekagua aweze kuthibitisha kwamba siye.

Mjumbe akiwa mtumishi wa serikali, semeni wenyewe mapema. Mwaka 2004 kampuni ya dawa ya Schering-Plough ilikubali kulipa dola 500,000 kumaliza shauri lililofunguliwa na tume ya masoko ya hisa ya Marekani. Tawi lake la Poland lilikuwa limechangia mfuko wa kukarabati majengo ya kale, na aliyeuongoza mfuko huo alikuwa pia mkuu wa mfuko wa afya wa serikali, mwenye usemi kwenye ununuzi wa dawa. Mfuko wenyewe ulikuwa halali kabisa. Ndiyo maana wanasheria wa makampuni hawatazami tu mnafanya nini, wanatazama pia nani amekaa mezani kwenu.

Tathmini_Kwanza:
Baada ya hapo huja alama. Kila kampuni ina karatasi yake, ila mara nyingi utakuta uwiano na malengo ya kampuni, uwezo wa asasi, matokeo, bajeti, na nafasi ya wafanyakazi kushiriki.

Kwenye matokeo wengi hukosa alama za bure. "Tumegawa vitabu 2,000" inaonyesha kilichotoka stoo. Mtoa alama anatafuta kilichobadilika: watoto wangapi walishindwa kusoma aya moja mwanzoni, na wangapi wanaiweza baada ya miezi sita, kwa kipimo kile kile. Bila kipimo cha mwanzo hakuna cha kulinganisha, na huwezi kukitengeneza baadaye. Pimeni sasa, hata kabla hamjapata mfadhili.

Kwenye bajeti, kifungu cha "mengineyo" kikiwa kinene kinashusha alama za bajeti nzima, hata kama vifungu vingine vimenyooka.

Kisima:
Nashukuru sana wakuu, hapa nimefunguka. Mawili bado: hesabu zetu zimekaguliwa mwaka mmoja tu. Na gharama za uendeshaji, tuzionyeshe au tuzipunguze ili tupendeze?

Tathmini_Kwanza:
Msizipunguze. Mhasibu yeyote anajua darasa haliendi bila kodi ya ofisi na mtu wa kuandika vitabu vya hesabu. Akiona sifuri, anajua fedha hizo zitatoka kwenye kifungu kingine kimyakimya. Mwaka 2013 mashirika matatu ya Marekani yanayotathmini asasi, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yalitoa barua ya pamoja ya kuwaomba watoaji waache kupima asasi kwa asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake. Onyesheni hesabu: mratibu akiwa kwenye mradi siku tatu kati ya tano, asilimia 60 ya mshahara wake iingie kwenye mradi, na jedwali la saa zake liwepo. Kodi ya ofisi gawanyeni kwa mtindo huo huo.

Msomahesabu:
Kuhusu ukaguzi, njia ni mbili. Ombeni kidogo kwanza. Wafadhili wengi hawataki mchango wao upite robo au theluthi ya mapato yenu ya mwaka, kwa sababu wakiondoka mtaanguka. Au kaeni chini ya mwamvuli wa asasi kubwa yenye hesabu safi, ipokee fedha kwa niaba yenu kwa mkataba wa maandishi unaotaja makato yake na siku za kuwafikishia fedha.

Jahazi:
Msisahau kuwa mnaye mtu ndani. Mfanyakazi wa kampuni anayejitolea kwenu Jumamosi anaweza kulipeleka andiko mezani, na baadhi ya makampuni huongezea mchango wa mfanyakazi kwa kiasi kile kile. Lakini wakitaka kuleta watu 60 siku moja wakati darasa linabeba 12, kataeni kwa adabu na mpendekeze makundi matano ya watu 12. Kundi lisilo na kazi linarudi na taarifa mbaya.

Na kampuni nayo ichunguzwe. Kama bidhaa yake inadhuru watoto, nembo yake ukutani mwa darasa itawafukuzia wafadhili wengine.

Nanga:
Kwenye mkataba angalia awamu za malipo. Zikiwa asilimia 40, 40 na 20, ile 20 ya mwisho hulipwa baada ya ripoti kukubaliwa, yaani lazima muwe na akiba ya kumalizia kazi kabla haijaingia. Mkiwa hamna, ombeni 50, 40 na 10 kabla ya kutia saini.