Mrejesho: mafunzo ya kubana nyaya, karakana ya Changamwe

Wakuu, niliuliza kama niwasomeshe mafundi wote kiwango cha IPC/WHMA-A-620, yaani kanuni za kimataifa za kutengeneza na kukagua wayaringi, au nimsomeshe mmoja aje awafunze wenzake. Tunatengeneza wayaringi za tuktuk na makontena ya friji.

Niliwasikiliza waliosema mmoja. Inaruhusiwa: mkufunzi aliyeidhinishwa anaweza kufundisha na kutahini wenzake kazini, na cheti kinadumu miaka 2. Hapo hapana mengi.

Kazi ilikuwa kwenye terminali, vile vichwa vya chuma vinavyobanwa kwenye ncha ya waya. Wazee walizoea kupaka ncha ya waya risasi ya kuchomea kabla ya kubana, eti ishike zaidi. Kiwango kinakataa. Risasi ni laini, hutambaa polepole chini ya mbano, waya ukalegea na joto likapanda. Mzee mmoja, aliyenifunza mimi ufundi, akagoma: "Mwanangu, nimebana waya hujazaliwa." Sikubishana naye, hiyo si adabu. Nilimwekea mezani terminali zilizorudishwa na wateja, zimelegea, plastiki imeungua. Akazigeuzageuza, akanyamaza. Siku hizi ndiye anayewakagua vijana kama wamekata nyuzi za shaba wakimenya waya, na hana huruma!

Kati ya madaraja ya kiwango hicho tumechagua la 2, la vifaa vinavyotakiwa kudumu kazini. La 3, la mitambo isiyoruhusiwa kuzima kama ya kuokoa maisha, tusijitwike bure.

Bado sina mashine ya kupima nguvu ya kuvuta, ile inayovuta waya kuona kama terminali imeshika. Anayejua inakokodishwa hapa Mombasa aniambie, tafadhali.