Priamp ya valvu 12AU7 kwa volti 12: sauti nyembamba, upande mmoja umekufa, adapta inavuma

SoloTemeke
Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Niko Temeke, napiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu. Kwa muda mrefu nilikuwa naitamani ile sauti nzito ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, ila nyumbani kuna watoto wadogo na sitaki kabisa habari za volti 250 juu ya meza, kwa hiyo nikaamua kujenga priamp (kikuza sauti cha kutangulia amplifaya) inayokula volti 12 tu kila kitu, hita (waya wa kupasha valvu moto) na anodi (ncha ya kutolea sauti), maana hata umeme ukikatika naunga betri naendelea na mazoezi.

Valvu ni 12AU7, nilipewa na fundi mmoja wa redio Kariakoo, soketi nikaichomoa kwenye chasisi mbovu, boksi la bati nikakunjisha kwa mafundi wa Gerezani, Dar. Upande mmoja wa valvu ni wa gitaa, wa pili ni wa simu ili nipige nikifuatisha nyimbo. Rizista ya anodi ni kei 100 (omu 100,000) kila upande, gridi (ncha ya kuingizia sauti) ina meg 1 (omu milioni moja) kwenda eathi, kathodi zote (ncha za kutoa elektroni) nimeziweka eathi moja kwa moja, kapasita ya kutoa sauti 0.01 maikro, halafu naingiza kwenye amplifaya ndogo ya gari.

Shida ni hizi. Upande wa simu kimya kabisa. Upande wa gitaa unaongea lakini sauti ndogo, nyembamba kama redio ya mfukoni, besi hakuna. Nikitumia adapta ya volti 12 kuna mvumo na unabadilika nikigusa nyuzi, nikiweka betri mvumo unaisha. Na simu yangu ikikaribia kupigiwa nasikia ule mlio wa tititi tititi kwenye spika.

Nimepima: pini 4 na 5 kuna 12.1, pini 1 ina 5.2, pini 6 ina 11.6. Valvu inawaka mwanga hafifu wa rangi ya chungwa. Je, nusu ya valvu imeungua? Sina nyingine na sijui nitaipata wapi.

MzeeRedioMbao
Marahaba mwanangu. Usiitupe hiyo valvu, sidhani kama imekufa. Nimekaa na redio za mbao miaka mingi, kitu cha kwanza mtu hulaumu valvu na mara nyingi kosa liko chini yake kwenye soketi.

Fikiria hivi, 12AU7 ina hita mbili zimeungwa kwa kufuatana kati ya pini 4 na 5, na katikati yake ndiyo pini 9. Ukipeleka volti 12 kwenye 4 na 5 moto, yaani mkondo wa umeme, unapita hita zote mbili mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo ingekuwa nusu moja imekatika basi zote mbili zingekuwa giza. Wewe unasema inawaka. Chungulia tu uhakikishe mwanga upo kwenye mirija yote miwili.

Sasa pini 6 kuwa na 11.6 maana yake hakuna moto unaopita kwenye ile rizista ya kei 100, upande huo haufanyi kazi. Kathodi ya upande wa pini 6 ni pini 8. Mimi naiwekea dau pini 8, ama risasi ya kuchomelea haijashika ama umeunga pini jirani. Zima, toa valvu, pima omu kutoka tundu la 8 la soketi, kwa juu, mpaka kwenye eathi. Ikikuonyesha chochote zaidi ya sifuri na kitu umeshaipata. Na kumbuka pini zinahesabiwa ukitazama kwa chini, unaanzia kwenye pengo unazunguka kama saa, ukihesabu kwa juu unapata kinyume chake, hilo limewaponza wengi.

Swali, multimita yako ni ya mshale au ya namba?

SoloTemeke
Ya mshale mzee wangu, ya kuazima.

Saketi_Sinza
Basi hiyo 5.2 usiiamini mkuu. Multimita nyingi za mshale ni kei 20 kwa volti, ukiiweka renji ya volti 10 yenyewe inakuwa kama rizista ya kei 200 umeichomeka kutoka anodi kwenda eathi, na anodi yako inalishwa na kei 100, lazima volti ishuke unapogusa. Kwa hiyo halisi iko juu kidogo ya hapo, labda 6 na kitu, na hiyo ni nzuri sana maana nusu ya betri ndipo panapotakiwa. Tafuta ya namba, zile za bei ndogo nazo nyingi ni meg 1 na nzuri ni meg 10, zote zitakudanganya kidogo kuliko hiyo.

Sauti nyembamba hiyo mimi naona haihusiani na valvu kabisa. Amplifaya za gari mlango wake wa kuingiza sauti huwa kwenye kei 10 hadi 20 hivi. Chukua kei 10 na kapasita yako ya 0.01 piga hesabu, kila kitu chini ya hertz 1,590 kinaanza kukatwa. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi ni hertz 82, sasa hapo besi itatoka wapi? Ukiweka 0.1 unashuka mpaka 159, ukiweka maikro 1 unafika 16 na hapo umemaliza.

Ila kapasita peke yake haitoshi, sauti itabaki ndogo, kwa sababu valvu kwenye volti 12 ni dhaifu, haina nguvu ya kusukuma mzigo wa kei 10, yaani ni kama umempa mtoto abebe gunia. Mimi yangu niliweka transista moja tu BC547 baada ya valvu. Mguu wake wa besi (base, siyo besi ya sauti) unaungwa moja kwa moja kwenye anodi bila kapasita, kolekta kwenye 12, emita inashuka kwa rizista ya 4.7 kei kwenda eathi, na sauti unaichukua emita kupitia kapasita ya maikro 10, chanya iangalie emita. Baada ya kapasita weka kei 100 kwenda eathi ili isipige kishindo ukichomeka waya. Transista hapo haiongezi sauti wala haibadilishi ladha ya valvu, kazi yake ni kubeba mzigo tu.

Mlio wa tititi ni simu inapoongea na mnara, gridi inaunasa kama antena. Weka rizista ya kei 10 ndani ya waya wa gridi, iwe karibu kabisa na pini, pini 2 na pini 7, isiwe kule kwenye jeki. Na boksi lako la bati lazima liungwe eathi, likining'inia tu haliziwii kitu.

Binamu_Mbagala
Mi naona ungetoa hiyo 12AU7 uweke ECC88, nasikia ndiyo inapenda volti ndogo. Au weka zile module za kupandisha volti ufike 24 sauti itafunguka.

MzeeRedioMbao
Binamu hapo kwenye ECC88 naomba asijaribu kwenye soketi ileile, nasema kwa mkazo. Ni kweli inafanya kazi vizuri kwenye volti ndogo lakini hita yake ni ya volti 6.3 kwenye pini 4 na 5, na pini 9 yake siyo hita, ni ukuta wa kutenganisha pande mbili. Ukiichomeka penye volti 12 unaichoma dakika hiyohiyo, na hizo ni bei.

Valvu za kula volti 12 ziliwahi kutengenezwa makusudi kabisa, miaka ya 1950 kwa ajili ya redio za magari, kabla transista hazijachukua kila kitu. Marekani walikuwa na 12U7 ambayo ni ndugu wa hiyo 12AU7 yako, Ulaya wakawa na ECC86. Kwa hiyo kijana hafanyi kitu cha ajabu, anarudi tu njia ya zamani.

Kuhusu adapta. Hizi adapta nyepesi ndani zina kapasita ndogo inayounganisha upande wa ukutani na upande wa volti 12, umeme kidogo unavuja kupitia hapo, ndiyo maana ukigusa nyuzi mvumo unabadilika, mwili wako unaingia kwenye njia. Ukiweza unga hasi ya adapta kwenye eathi halisi ya nyumba. Na katika njia ya chanya inayokwenda anodi na ile transista weka omu 220 halafu kapasita ya maikro 1000 kwenda eathi. Hita usiipitishe hapo, ichukue kabla, inakula miliampia 150 itakula volti zote.

Jingine, betri yako ikiwa kwenye chaji ya sola inaweza kupanda mpaka 14.4. Hita inavumilia asilimia 10 hivi juu ya 12.6, yaani 13.8. Weka dayodi 1N4007 kwa kufuatana na hita tu, inakula kama 0.7, utaitunza valvu miaka.

Saketi_Sinza
Na ukienda 24 kwa module kama XL6009, iwe kwa anodi peke yake, hita ibaki 12. Kapasita zote za volti 16 upande huo zitolewe, weka za 35 au 50, zikizidiwa zinapasuka. Hizo module nazo zina kelele zake za juu, kwa hiyo ile chujio ya mzee, omu 220 na maikro 1000, ndiyo inakuwa lazima.

SoloTemeke
Wakubwa nimerudi, ilinichukua siku nne. Mzee wangu ilikuwa pini 8 kweli, risasi ilikuwa imekaa juu ya pini kama tone la maji, ukiitazama unaona imeshika na kumbe haijashika, nimekwangua pini nikachomelea upya na pini 6 sasa ina 6.4 kwa multimita ya namba. Upande wa simu unaongea.

BC547 nimeweka mbili, moja kila upande. Jamani. Uzi wa sita sasa unausikia kifuani. Sauti imepanda mpaka nimerudisha voliumu ya amplifaya chini ya nusu. Tititi imeisha baada ya zile kei 10 na kuunga boksi eathi. Adapta bado inavuma kwa mbali hata na chujio, nyumba tunayopanga haina eathi ya kueleweka, nimeamua kwenye mazoezi natumia betri tu.

Kitu kimoja kimebaki, nikicharaza kwa nguvu gitaa linakwaruza kidogo, ila ni mkwaruzo mtamu, nikipunguza voliumu ya gitaa unaondoka, nikirudisha unakuja taratibu. Kwa hiyo anodi ya gitaa naiacha kwenye 12. Ya upande wa simu ndiyo nitaipandisha 24 wiki ijayo, maana nyimbo nataka zitoke safi, na nikigonga boksi valvu inalia kengele kwa hiyo soketi naiwekea raba ya tyubu ya baiskeli chini.

MzeeRedioMbao
Vizuri mwanangu. Raba ikate vipande viwili, kimoja juu ya bati kimoja chini, skrubu isiguse bati, na nyaya za kufika kwenye soketi ziwe laini, zikiwa ngumu mtetemo unapita humohumo.