Naomba ushauri: kiputo kinanasa ila hakitoi mwanga

Wakuu, aliyewahi kujaribu sonoluminesensi (kunasa kiputo cha hewa majini kwa mawimbi ya sauti hadi kitoe mwanga) anisaidie. Nina chupa ya kioo ya duara, mililita 100, imebandikwa vipande viwili vya piezo (hutetemeka vikipewa umeme) ubavuni, masafa ya mtetemo karibu kilohezi 25. Maji nimeyachemsha kutoa hewa, nikayapoza kwenye friji. Kiputo kinanasa katikati vizuri tu, ila nikiongeza nguvu kinaanza kucheza-cheza, mara kimepotea. Mwanga sioni, hata gizani.

Najua maji baridi huongeza mng'ao, na kwamba arigoni (gesi mojawapo ya hewa) ndiyo hubaki ndani ya kiputo na kuwaka kinapobonyea ghafla. Je, tatizo ni hewa iliyobaki majini, au masafa ambayo chupa hutetemeka vizuri zaidi yamehama kwa sababu ya baridi? Nianze na kipi? (Msinijibu tu "nunua pampu ya kunyonya hewa", nataka kuelewa sababu kwanza.)