Gumzo la Ukoo: Mkimbiaji wa Nne

Mama Neema, saa 1:12 usiku
Hamjambo nyote. Neema amerudi salama kutoka mbio za nyika za shule, lakini tangu aingie nyumbani hajatia chakula kinywani. Amemaliza katika nafasi ya 23, na njiani kiatu chake cha kushoto kilinaswa na ule udongo mweusi wa Embakasi ambao mnaujua vizuri mvua ikinyesha. Sasa anasema kwamba Jumamosi ijayo haendi kwenye mashindano ya kaunti. Kaka, ninakuomba uzungumze naye, kwa kuwa mimi na baba yake tumeshindwa.

Mjomba, saa 1:20 usiku
Neema, pole sana mpwa wangu. Kabla sijasema lolote, niambie wenzako wa shule walimaliza katika nafasi zipi, kila mmoja wao.

Neema, saa 1:31 usiku
Shikamoo Babu, shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Wenzangu watatu walishika nafasi ya 5, ya 9 na ya 14, kisha nikaja mimi, na aliyenifuata alikuwa wa 38. Kiatu kilipochomoka nililazimika kurudi kukivuta kwa mikono miwili, na wakati huo wasichana wanane wakanipita. Nilikimbia mzunguko wa mwisho nikiwa nimekishika mkononi, nikawapata watano kati yao, lakini watatu sikuwafikia. Mwalimu amesema timu yetu imeshinda kwa pointi 51 na shule iliyotufuata imepata 54, ila mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuhesabiwa.

Mjomba, saa 1:44 usiku
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Katika mbio za nyika timu hupangwa kwa kujumlisha nafasi za wakimbiaji wake, na yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Hata kwenye mashindano ya dunia nchi huingiza wakimbiaji sita katika mbio za wakubwa, na wanne wa kwanza kati yao ndio wanaohesabiwa. Chukua kalamu ujumlishe 5, 9, 14 na 23, halafu uiondoe 23 yako uweke 38 ya mwenzako: mngepata 66, na kombe lingeenda kwa wale wenye 54. Wale watano uliowapata kwa mguu mmoja mtupu ndio walioleta ushindi, kwa maana kama wangebaki mbele yako ungekuwa wa 28, na 56 haishindi 54.

Babu, saa 2:03 usiku
Marahaba mjukuu wangu. Mjomba wako amesema kweli, nami nitaongeza niliyoyaona katika umri wangu. Mwaka 1986 John Ngugi alishinda ubingwa wa dunia kule Neuchâtel, Uswisi, na mwaka huohuo wanaume wetu wakatwaa taji la timu, wakalishikilia mara 18 mfululizo hadi 2003. Watu humkumbuka Ngugi kwa mataji yake matano na Paul Tergat kwa matano yake ya kuanzia 1995 hadi 1999, na ni haki yao. Lakini mwaka 1990 na 1991 aliyeshinda alikuwa Khalid Skah wa Morocco, mwaka 2000 na 2001 alikuwa Mohammed Mourhit wa Ubelgiji, na miaka yote hiyo taji la timu lilibaki kwetu. Lililindwa na vijana waliofika wa tano, wa nane, wa kumi, ambao majina yao leo hata mimi niliyekuwa nikitega sikio redioni siwezi kuyataja yote, na jambo hilo hunihuzunisha.

Shangazi, saa 2:15 usiku
Baba amenikumbusha Mombasa, tarehe 24 Machi 2007, nilipokuwa bado ninaishi huko. Mbio zilifanyika kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari, na joto lilikuwa la kuangusha watu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda miaka mitano mfululizo, aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akawa wa kwanza na Moses Mosop wetu wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kamba, leso yangu imelowa jasho, nikidhani mambo yamekwisha. Mzee mmoja kando yangu hakuwatazama hata washindi: alikuwa akikunja kidole kila fulana ya Kenya ilipopita, na alipotosheka na hesabu yake akanigeukia akaniambia kwamba dhahabu ya timu ni yetu. Ndivyo ilivyokuwa.

Mjomba, saa 2:29 usiku
Neema, nimekumbuka jambo linalokuhusu wewe hasa. Mwaka 2010 kule Bydgoszcz, Poland, Faith Kipyegon alikimbia mbio za wasichana wa chini ya miaka 20 bila viatu, akiwa na umri wa miaka 16 kama wewe, akamaliza wa nne, na timu yetu ikashinda. Mwaka uliofuata, kule Punta Umbría, Uhispania, alishinda mbio zizo hizo, tena bila viatu. Halafu mwaka 2017 mjini Kampala, akiwa tayari bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500, alimaliza wa sita katika mbio za wanawake, nyuma ya Wakenya wenzake watano. Nafasi yake haikuingia hata kwenye hesabu, kwa sababu wanne wa mbele walikuwa wamekamilisha pointi 10, ambazo haziwezi kupunguzwa zaidi. Sijui kama yupo aliyethubutu kumwambia kwamba siku ile hakuwa na kazi.

Neema, saa 2:47 usiku
Asante Mjomba. Nilikuwa sijafanya hesabu ya 28. Nimekisugua kiatu kwa brashi ya nguo na nimekianika kwenye baraza, lakini kamba yake imekatika. Mama, kesho ukipita sokoni naomba uninunulie kamba ndefu zaidi, nizungushe mara mbili chini ya soli.

Mama Neema, saa 2:50 usiku
Nitanunua jozi mbili. Njoo ule kwanza, ugali unapoa.